Programu ya Access ya zamani kwenye rimoti desktopu: siku nyingine inakubali, siku nyingine inafungia watu nje

vipuri_mza:
Wakuu habari za jioni, nimekwama naomba msaada. Ofisini tuna programu ya stoku na ankara, ilitengenezwa enzi za Access 2003 (ile programu ya databesi ya Microsoft), faili moja tu la .mdb lina kama MB 900. Zamani lilikaa kwenye kompyuta ya kaunta, sasa tumehamia seva ya Windows Server 2019, watu 7 wanaingia kwa rimoti desktopu na wawili kati yao wako tawi la Geita. Kuna siku inaenda vizuri mpaka jioni, kuna siku mtu wa pili akifungua tu anaambiwa faili limeshikwa na yuza 'Admin' kwenye mashine ya seva. Huyo Admin simpati, mimi ndo admin na sijafungua kitu! Naristati seva kila mara huku wateja wamesimama wanasubiri risiti.

fundi_data:
Pole mkuu. Huyo Admin usimtafute, ni jina ambalo Access inampa kila mtu kama hamkuweka mfumo wa pasiwedi wa zamani, na jina la mashine ni moja kwa sababu wote mko ndani ya seva hiyo hiyo. Niambie vitu viwili, siku mbaya nani anawahi kufungua? Na pembeni ya .mdb kunatokea kafaili ka .ldb, kale ambako Access inaandika nani kafungua?

vipuri_mza:
Aisee umenifungua macho, leo imegoma na aliyewahi ni mhasibu. Ka .ldb hakapo.

fundi_data:
Basi ni hapo hapo. Mhasibu hana ruhusa ya kutengeneza faili kwenye ile folda, Access ikishindwa kuandika .ldb inamfungulia peke yake, wengine wote nje. Akiwahi mwingine mwenye ruhusa kamili hakuna shida, ndo maana inabadilika badilika. Wape wote 7 ruhusa ya kusoma, kuandika na KUFUTA kwenye folda nzima, sio kwenye faili peke yake.

mama_seva:
Naongezea, hilo litaondoa kero ya leo tu, kesho mtalia na databesi iliyoharibika maana watu 7 kushea faili moja lenye fomu na data pamoja ni hatari kabisa. Igawe: data ibaki faili lake, fomu na ripoti ziwe faili jingine na kila mtu awe na kopi yake kwenye folda yake binafsi ya AppData, weka kibachi kidogo (faili la komandi) kinachokopi upya kila anapofungua. Halafu waambie wa Geita wasifunge dirisha la rimoti desktopu kwa alama ya X, sesheni inabaki hai huko kwenye seva na faili bado limeshikwa, wafunge programu kwanza kisha wasaini auti. Andika quser kwenye komandi utawaona walioachwa hewani. Na bakapu kabla ya kugusa chochote jamani! Faili likifika GB 2 Access haiendi zaidi, kwa hiyo anza kufikiria SQL Server Express mapema, ni databesi ya bure ya Microsoft inayobeba zaidi.

vipuri_mza:
Nimerudi. Ruhusa nimeweka jana usiku baada ya bakapu, leo mhasibu kawahi makusudi na wote 7 wameingia. quser imenionyesha sesheni mbili za Geita toka juzi. Jumapili nagawa, mama_seva naomba mfano wa hicho kibachi.