Naomba ushauri: kupanda mbegu za nyasi kwenye uwanja wenye vipara na magugu

Wakuu, habari za majukumu. Uwanja wangu wa nyumbani una vipara vingi, na penye kijani ni magugu tupu. Linalonitesa zaidi ni ndago. Ukiing'oa inakatika, kile kitunguu cheusi kinabaki chini, na baada ya siku chache imechomoza tena.

Nataka kupanda mbegu za nyasi za bermuda kwa kuwa jua linapiga pale kutwa. Mara ya kwanza nilizimwaga juu ya udongo mgumu. Mvua moja tu ikazisomba zote hadi kwenye ukingo wa ukuta, zikaota pale kama mstari. Iliniuma sana.

Sasa najua natakiwa kukwatua kwanza, nisizifukie zaidi ya milimita 6, na nidumishe unyevu mpaka ziote, kati ya siku 7 na 21.

Ninapokwama ni kwenye ndago. Nipige dawa nisubiri ife, au nichimbue vitunguu kwa mkono? Dawa ya kuzuia magugu kuota naiogopa, maana itazuia na mbegu zangu. Aliyewahi kufanikiwa, tafadhali anielekeze alianzia wapi.