Moyo mgonjwa na kusahau kwa wazee: kuna uhusiano?

Binti_Umoja: Wadau, mzee wa miaka 74 ana presha, na sasa moyo unadunda ovyo. Anarudia swali moja mara nne kwa saa. Kliniki wanasema ni uzee tu. Je, moyo unaweza kuharibu kumbukumbu?

Muuguzi_Kayole: Unaweza, na "ni uzee" si jibu. Ubongo ni kama 2% ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu 20% ya oksijeni. Moyo ukipiga bila mpangilio, damu hutuama kwenye chumba cha juu kushoto, huganda, kisha vipande husafiri hadi ubongoni. Vile vidogo mara nyingi havipoozeshi mkono; vinaweza kula kumbukumbu polepole. Hesabu mapigo kifundoni mwa mkono kwa sekunde 60 kamili, kisha ombeni kipimo cha umeme wa moyo.

Mfamasia_Ngara: Akianzishiwa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) hulengwa 2 hadi 3. Msimnyime sukuma wiki! Ale kiasi kilekile kila wiki, maana vitamini K iliyomo ikipanda ghafla, dawa hupungua nguvu. Diclofenac, ile dawa ya maumivu ya magoti, asinunue kiholela; pamoja na warfarin anaweza kuvuja damu tumboni.

Muuguzi_Kayole: Na presha: akae dakika 5, mkono usawa wa moyo, mpime mara mbili. Mpime tena akisimama; namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, mwambieni daktari, huenda dawa zimezidi. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msingoje kliniki. Hospitali siku hiyohiyo.