Naomba ushauri: siku moja tu Istanbul, na ni Jumapili

Habari zenu wakuu. Natarajia kuwa Istanbul, Uturuki, na siku yangu pekee ya kuzunguka imeangukia Jumapili. Nilipanga nianze na Kapalıçarşı, lile soko kuu la kale lenye paa, nikashtuka kugundua Jumapili linafungwa. Laleli nako, kwenye nguo za jumla, nimeambiwa maduka mengi siku hiyo hayafunguliwi. Mpango wote ukavurugika.

Nimejaribu kuupanga upya: asubuhi nitembee Fener na Balat, mitaa ya nyumba za rangi rangi (vile vilima sijui kama magoti yangu yatavikubali), kisha Eminönü kununua viungo kwenye Mısır Çarşısı, jioni nivuke kwa kivuko hadi Kadıköy, upande wa Asia. Shida ni mizigo. Nikishanunua Eminönü nitazunguka na mifuko hadi usiku, na hoteli iko mbali.

Mliowahi kufika, je, nigeuze nianzie Kadıköy na kumalizia Eminönü? Na vitambaa vya mapazia, Jumapili nitavipata mtaa gani? Natanguliza shukrani.