Naomba ushauri: nyumba ya mawe Mkunazini, joto na umeme

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nyumba yetu ya urithi ipo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, kuta nene za mawe na chokaa. Bibi anasema zamani hata joto la kaskazi likikaza walikuwa wakilala chini sakafuni, baridi. Siku hizi ghorofa ya juu ni tanuri. Fundi alitupigia plasta ya saruji ukutani na kuezeka mabati bila dari. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Unyevu umefungiwa ndani, ukipitisha mkono ukutani unatoka na unga mweupe wa chumvi. Tukatia kiyoyozi, basi umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla) wa elfu ishirini haumalizi wiki.

Nataka kubandua saruji, nirudishie chokaa, nitie dari na matundu ya upepo juu. Nianze paa au ukuta? Mimi moyo uko kwenye paa. Chokaa ya kuroweka mnaipata wapi, na ikae muda gani kabla ya kupigwa? Sola pia naitamani, ila Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hugusi paa bila kibali. Kuna aliyekipata?

Msinambie tuhamie nyumba mpya za Fumba, nje ya mji. Bibi hatoki.