Naomba ushauri: mume wangu hataki mbaazi za nazi na maandazi matamu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Lindi mjini, nimekulia hapa hapa, na kwetu mbaazi za nazi tunakula na maandazi ya sukari na iliki. Ule utamu ukikutana na chumvi na tui zito, ndipo chakula kinapokamilika. Mume wangu ni mtu wa Njombe. Kwake andazi tamu ni la chai tu. Juzi alichovya kipande kwenye mbaazi, akatafuna polepole, akasogeza sahani na kuniomba ugali. Iliniuma, maana niliamka saa kumi alfajiri kukanda unga.

Nimejaribu kupunguza sukari, kutoka nusu kikombe hadi vijiko viwili kwa kilo ya unga. Yalitoka magumu, meupe, watoto wakayakataa. Chapati anazila vizuri, ila siwezi kusukuma chapati za watu saba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Mwezi ujao mama mkwe anakuja kukaa nasi wiki mbili, na natamani sana ale kwangu kwa raha.

Wanaopika maandazi yasiyo na sukari, mnafanyaje yawe laini na yapate rangi? Nikikandia tui badala ya maji itasaidia? Na mlioolewa na watu wa bara, mlianza kuwazoesha na chakula gani, au mliacha kila mtu ale cha kwao?

Asanteni sana, nasubiri.