Naombeni ushauri: kingamwili ya p63 inatia rangi nje ya kiini

Habari zenu wakuu. Nimekwama wiki ya tatu sasa.

Nachunguza protini ya p63 kwenye saratani ya seli bapa, tishu zilizohifadhiwa kwa fomalini na parafini. Natumia kingamwili ya panya (protini inayonasa p63 ili ionekane kwa rangi), kloni, yaani toleo, 4A4, ile inayoshika aina zote za p63. Protini hii hudhibiti jeni, kwa hiyo rangi ya kahawia ilipaswa kukaa ndani ya kiini. Yangu imetapakaa kwenye saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini), viini vimepauka. Kinachonichanganya, ngozi isiyo na ugonjwa kwenye slaidi hiyohiyo imetoka safi: seli za safu ya chini kabisa viini vimekolea, za juu hakuna kitu.

Ili kingamwili iifikie protini, nimechemsha slaidi kwa bafa ya sitreti ya pH 6. Je, nihamie Tris-EDTA ya pH 9, au kwanza nipunguze kingamwili? Sasa hivi nimeizimua 1:100. Slaidi isiyotiwa kingamwili ya kwanza haina rangi, hivyo kingamwili ya pili, ile inayoshika ya kwanza na kuleta rangi, siishuku sana. Nimewaza pia kingamwili ya p40, inayotambua ΔNp63 (aina fupi ya p63) pekee, ila naona uchungu kununua kichupa kingine kabla sijajua kosa ni langu au la kloni.

Aliyewahi kuhangaika na hili anieleze alianzia wapi.