Kuchagua na kulisha majike wa nguruwe wa kuzalisha

Swali (Njoro, Nakuru):
Hamjambo wafugaji wenzangu. Nina nguruwe wa aina ya Large White wenye umri wa miezi mitano, na ningependa kubakiza majike wachache wa kuzalisha badala ya kuwauza wote kwa mchinjaji. Nitazame nini, na niwalishe vipi hadi wapandwe?

Jibu (Kakamega):
Ndugu, anza na mama yao: aliyezaa wengi na kuwalea vizuri hadi kuwaachisha ndiye wa kubakiziwa mabinti. Kisha hesabu chuchu. Ziwe 12 au zaidi, zimepangika sawasawa, na ukiona iliyobonyea ndani, jike huyo muuze hata akiwa na umbo la kupendeza, kwa maana mtoto anayekosa chuchu hudhoofika. Mtembeze kwenye sakafu ngumu uikague miguu yake. Dume asiwe ndugu yao. Tafadhali usilegeze hapo.

Jibu (Kisumu):
Naongeza kuhusu chakula. Jike wa uzazi asinenepeshwe kama wa nyama. Apandwe akiwa na miezi saba au minane, na wiki mbili kabla ya hapo mwongezee chakula ili atoe mayai mengi. Akishika mimba, ambayo huchukua siku 114 hivi, kilo 2 hadi 2.5 kwa siku humtosha. Akinyonyesha, mpe kilo 2 zake na takriban nusu kilo kwa kila mtoto. Huku kwetu tunachanganya omena (dagaa wa ziwani) na pumba za mahindi, lakini omena yenye mchanga haifai: isugue kiganjani kabla ya kununua. Mabaki ya hotelini yachemshwe vizuri, kwani homa ya nguruwe ya Afrika huweza kuingia bandani kwa njia hiyo.